Kicheko Kilichoandikwa Ndiyo

Kwanza kilisikika kicheko. Kilianza chini, kama uji unaotokota ndani ya sufuria iliyofunikwa, kikapanda, kikafurika, kikaenda mbio mpaka kikaishiwa pumzi. Mwenye kicheko akakohoa. Akajipiga paja makofi mawili. Akasema, "Mngoni wewe, utaniua kabla hujanigusa."

Kisha kimya, na mlio mdogo wa mashine.

Gaudensi Mbano alifumbua macho. Hapakuwa na mwanamke yeyote. Palikuwa na chumba cheupe chenye kiti kimoja, yeye mwenyewe juu ya kiti hicho, na kioo kipana ukutani kilichoandika kwa maandishi ya kijani: *Ushauri wa uzazi umetolewa. Mgonjwa ameridhia.*

"Rudia," alisema.

"Umesikiliza mara nane ndani ya siku tatu," Shahidi, mashine ya kituo inayonasa kila neno, ilimjibu kwa sauti yake tulivu isiyo ya kiume wala ya kike. "Nirudie kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwangu."

Akajisikia mwenyewe, miezi sita iliyopita, sauti imejaa majivuno ya mtu anayejua kwamba wodi nzima inamsikiliza:

"Mtani funga mlango, mumeo alale nje,
Mwaka na nusu kiwango, mwiko huo usivunje."

Halafu kicheko kikaanza upya, kutoka chini.

Ubeti huo aliutunga papo hapo, amesimama kando ya kitanda, mikono bado ina unyevu wa sabuni. Siku ile aliuona mtamu. Aliurudia chumba cha chai, wenzake wakagonga meza. Sasa kila neno lilimrudia kama kokoto ndani ya kiatu.

"Shahidi," alisema, "utani ni nini?"

"Utani ni maneno ya kufurahisha baina ya watu waliozoeana."

"Na huyu mama alipocheka, ulijuaje kwamba ameridhia?"

"Wagonjwa wengi huona haya wanapoulizwa mambo ya unyumba. Katika kumbukumbu zangu, walio wengi wanaocheka baada ya onyo hulifuata. Maneno matatu ya lazima yalitajwa: mume, mwaka na nusu, usivunje. Je, unataka kurekebisha kumbukumbu? Marekebisho hufanywa na mfumaji mwenyewe, mbele ya Baraza la Mikono linalowasimamia wafumaji."

Gaudensi alikaa akitazama yale maandishi ya kijani. Yangeweza kumwokoa. Yalikuwa yameshamwokoa.

*

Wale waliozaliwa baada ya visu kuondolewa hawajui jinsi watu walivyokuwa wakipasuliwa. Kwenye Kituo cha Ufumaji, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, hakuna aliyekatwa kwa miaka ishirini. Mgonjwa humeza kidonge cha usingizi, mkono wa chuma mwembamba kama bua la mtama hupita kinywani mpaka tumboni, na mfumaji, aliyekaa chumba cha pili na glavu za nyaya, hufuma uzi hai kulizunguka tumbo kwa ndani. Uzi huo huoteshwa kama uyoga. Ukishafumwa, huonja damu ya mwenye tumbo usiku na mchana. Akila kupita kiasi, hukaza. Akipungua inavyotakiwa, hulegea. Mtu aliyeingia na kilo mia na kumi na nane hutoka na tumbo la kushiba kwa kikombe cha uji, na kilo huanza kudondoka bila vita.

Kila mfumaji ana mkono wake, kama mwandiko. Mkono wa Gaudensi ulikuwa mwepesi kuliko yote. Mafundo arobaini na moja kwa dakika thelathini, hakuna hata tone la damu. Ndiyo maana mashine zilifundishwa mkono huo. Hospitali kumi na moja za kanda zilikuwa na mikono ya chuma iliyofuma kama yeye, yeye akiwa amelala zake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alitembea kama mtu anayelijua hilo.

Lakini uzi una upofu mmoja, nao ulijulikana tangu mwanzo. Hauwezi kutofautisha mwili unaonenepa na mwili uliobeba mtoto. Damu ya mjamzito hujaa sukari na mafuta kwa ajili ya yule mdogo anayejengwa. Uzi huonja, huona mambo yameharibika, hukaza. Kadiri mtoto anavyodai, ndivyo unavyomnyima. Kwa hiyo likawekwa sharti: baada ya kufumwa, mwaka na nusu bila mimba, mpaka uzani utulie na uzi ulale.

Tatizo ni kwamba wanaofumwa wengi huamini kwamba kizazi chao kilishafungwa. Mafuta ya mwili si mzigo wa magoti peke yake. Nayo yanatengeneza homoni, na yakizidi, homoni hizo huvuruga zile za kizazi. Yai halikomai, mwezi unapita, mwaka unapita, mwanamke anazoea. Haambii mtu tena kwamba anasubiri mtoto. Halafu anafumwa kwa sababu ya sukari au magoti, kilo kumi zinaondoka, na kizazi kinaamka kabla hata gauni halijaanza kumpwaya. Mtu wa namna hiyo ndiye anayepaswa kuonywa kuliko wote, na ndiye mgumu kuliko wote kuamini onyo. Linatakiwa litolewe kwa utulivu, mlango umefungwa, na mwonyaji asiondoke mpaka mwenyewe alirudie kwa kinywa chake.

Nkwimba, mwenye kile kicheko, hakurudia chochote. Alicheka.

*

"Nilijua nitakukuta huku," alisema Daktari Adventina.

Alikuwa mkuu wa kituo, mama wa Kihaya mwenye mvi fupi, aliyewahi kufuma mwenyewe kabla mgongo haujamkatalia kukaa na glavu. Aliegemea mlango na kukitazama kile kioo.

"Baraza linakaa leo saa nane," alisema. "Suala lako ni dakika tano tu. Shahidi imesema ulionya. Watasaini, utarudi kazini."

"Na yeye?"

"Yeye ameingia kwenye orodha ya vitanda vya mshipa. Ni wa tisa."

"Vitanda viko sita, Daktari."

"Najua viko vingapi. Nilivinunua mimi."

Vitanda vya mshipa ndivyo pekee vilivyoweza kumlisha mjamzito kupitia damu huku uzi ukifunguliwa fundo kwa fundo. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu kwa kila mtu. Orodha ilipangwa kwa kanuni moja: aliyeumizwa na kosa la kituo hutangulia, aliyeonywa akapuuza hungoja nyuma. Kanuni hiyo ilipopitishwa, Gaudensi alikuwa kwenye ukumbi wa Baraza akinyanyua mkono kuunga. Aliona ni haki.

"Kwa jinsi uzi unavyokaza," alisema, "baada ya siku kumi hatameza hata kijiko. Mimba ina wiki kumi na nne. Wa tisa maana yake ni mwezi na zaidi."

"Naelewa hesabu."

"Sikumwonya, Daktari."

Adventina alivuta mlango ukafungika nyuma yake. "Nimeisikiliza hiyo rekodi mwenyewe. Umetaja kila neno."

"Nilimtania. Mimi Mngoni, yeye Msukuma. Kati yetu hakuna neno linaloshikwa. Nikimwambia nyumba yake inaungua, ataniuliza kama nimekuja na mahindi ya kuchoma. Toka siku ya kwanza alipoingia hapa alinikuta mlangoni akaniambia, 'Kumbe siku hizi Wangoni wanaruhusiwa kushika vitu vya watu?' Tangu hapo hatujawahi kuongea kwa uso mkavu. Nilitakiwa kumwita pembeni, au kumwita nesi, au wewe. Nikaona nitunge beti. Nikaona watu wanasikiliza."

Aliyasema kwa mkupuo, kichwa kimeinama.

"Sikiliza, mwanangu. Ukisema hivyo mbele ya Baraza, mkono wako unafutwa leo hii hii. Si wewe tu. Mashine zote kumi na moja zinasahau. Mpaka zifundishwe mkono mwingine ni miezi minne. Wapo wanawake mia tatu na zaidi wameshapangiwa tarehe. Wengine sukari inawala macho. Hao nao utawaambia nini?"

"Sijui."

"Basi fikiri kabla hujajitia ushujaa."

Hapo ndipo palipomchoma. Kwa siku tatu hao wanawake mia tatu walikuwa maficho yake. Kila alipotaka kunyanyuka aliwakumbuka, na kila alipowakumbuka alijisikia mwema, akabaki amekaa. Lakini ukweli ni kwamba hakuwa akiwafikiria wao. Alikuwa akiufikiria mkono wake.

"Nani atamfungua, kama mimi nimefutwa?" aliuliza.

"Kwa kazi ya kufungua nimebaki mimi. Na sijashika uzi miaka sita." Aliuinua mkono wake wa kulia, akautazama kama kitu alichokopa. "Mafundo yako mimi siyajui, Gaudensi. Unafunga kinyumenyume."

*

Wodi ya tatu ilikuwa na madirisha makubwa, jua la saa nne limetandikwa sakafuni. Nkwimba alikuwa amekaa kitandani, kanga imemzunguka, bakuli la uji mapajani. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Uso uliokuwa wa mviringo ulikuwa umepata mifupa. Miguuni pa kitanda kibao kiliwaka kwa rangi nyekundu neno moja: *Alionywa*.

"Huyo anakuja," alisema alipomwona. "Ficheni mboga."

Mama wa kitanda cha pili alicheka akajigeuzia ukutani. Gaudensi alivuta kigoda akakaa. Mdomo wake ulikuwa na jibu tayari, ulikuwa nalo siku zote. Akalimeza.

"Umekula?" aliuliza.

"Vijiko vitatu. Cha nne kimegoma." Aliweka bakuli kando. "Leo mtani wangu ana uso wa msiba. Nani kafa huko Songea, nije nichekee?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi tabasamu. Mtoto atakuona mbaya." Akaweka kiganja chini ya kitovu, taratibu, kama mtu anayegusa mkate uliotoka motoni. "Miaka kumi na miwili, Mngoni. Mama mkwe alishanyamaza. Mume wangu Sayi mwenyewe alishanyamaza, mwanamume yule alinisikitikia mpaka akaacha kutaja watoto wa jirani mbele yangu. Nilipoanza kutapika nikasema ni huu uzi wenu. Nesi aliponiambia, nilimtukana. Nikamwambia wewe nawe ni mtani?"

Akacheka kidogo, na kicheko kikakatika njiani kwa sababu tumbo lilimbana.

"Nataka kukuomba msamaha," alisema.

Gaudensi aliinua macho. "Mimi?"

"Wewe ulinambia. Sikatai. Nilipofika nyumbani nilimwimbia Sayi ule wimbo wako wa mlango, tukacheka, akasema, 'Mwambie huyo Mngoni aje alinde mlango mwenyewe.' Tukawa tunauimba kila tunapolala. Kumbe ulikuwa unanionya, mimi naufanya mchezo." Alikitazama kile kibao chekundu. "Sasa kila daktari anayepita anasoma pale kwanza, ndipo ananitazama mimi. Ni haki yao. Nilionywa. Huyu mtoto akipotea ni mimi nimempoteza kwa kucheka. Nilitaka ujue kwamba sikulaumu."

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, jua zuri, mtu anasukuma toroli la chai koridoni. Gaudensi alihisi masikio yake yanaungua. Alikuwa amejiandaa kwa hasira yake. Alikuwa amejiandaa hata kwa machozi. Hakujiandaa kuombwa msamaha.

"Hukuonywa," alisema.

"Unasemaje?"

"Nkwimba, hukuonywa. Nilikutania. Onyo linatolewa kwa faragha, mtu anaelezwa kwamba kilo zikipungua kizazi kinaamka, hata kama kililala miaka kumi na miwili. Anaelezwa uzi utafanya nini akishika mimba. Anaulizwa kama ameelewa, na anajibu kwa maneno yake. Wewe sikukueleza hata moja. Nilikutungia beti ili watu wacheke, na mashine ikaandika kicheko chako kama ndiyo."

Toroli la chai likapita.

"Ulijua lini?" Nkwimba aliuliza.

"Siku uliyoletwa. Nilienda kusikiliza. Nilijua kabla kicheko hakijaisha."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

"Na jana ulisimama hapo hapo ukaniuliza kama mtoto atazaliwa na fimbo ya kuchungia ng'ombe."

"Ndiyo."

"Nikakucheka." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Gaudensi angeona nafuu. "Nilikuwa nimelala hapa naongea na huyu mtoto, namwambia mwanangu nisamehe, mama yako ni mpumbavu. Na wewe ulikuwa unapita hapo unajua."

"Nilikuwa naogopa watanifuta mkono."

Nkwimba alikitazama kile kiganja cha kulia cha Gaudensi, kilichokuwa juu ya goti, chembamba na safi kama cha mtu asiyewahi kushika jembe. Alikitazama muda mrefu.

"Huo?" alisema.

"Huo."

"Sayi alikatwa vidole viwili na mashine ya kupura mpunga. Analima."

Nje ya dirisha mabamba ya jua juu ya paa yaligeuka yote pamoja kulifuata jua, yakalia kidogo, yakatulia.

"Mimi nikifa," Nkwimba aliendelea polepole, "watani ndio watakaokuja kunizika. Ndiyo desturi. Watakuja Wangoni pale uani, waseme huyu alikuwa mlafi, jeneza zito, wachimbe kaburi huku watu wanacheka na kulia. Nilikuwa nakuwazia wewe. Nilisema huyu atawavunja mbavu." Akavuta kanga mpaka mabegani. "Leo usiniite mtani."

"Sawa."

"Sitaki kusikia neno hilo kinywani mwako."

"Sawa, dada."

"Kama kitu kinaweza kufanyika, niambie kama unavyomwambia mtu baki. Mtu ambaye hujawahi kumwona. Na usitie vina."

Alimweleza. Alimweleza vitanda sita na orodha, na kwa nini alikuwa wa tisa. Alimweleza kwamba kumbukumbu ikirekebishwa atakuwa wa kwanza, na kwamba anayerekebisha ni mfumaji mwenyewe, kwa kinywa chake, saa nane ya leo. Alimweleza kwamba kuna mama aliyetarajia kitanda wiki hii na atasogezwa, na wengine zaidi ya mia tatu watakaongoja, na kwamba hilo nalo litakuwa juu yake, halitakuwa juu ya Nkwimba. Alimweleza kwamba hata kitandani hakuna hakika. Mtoto wa wiki kumi na nne aliyekwisha kunyimwa chakula anaweza kushika, anaweza kuachia. Aliongea kwa maneno mafupi na makavu. Aliposhindwa kusema neno fulani alingoja mpaka akaliweza.

Alipomaliza, Nkwimba alisema, "Rudia hapo pa uzi. Nani ataufungua?"

"Daktari Adventina. Mimi nitakuwa nimefutwa."

"Anaujua uzi wako?"

"Haujui. Nafunga kinyumenyume."

"Basi umenipa kitanda na umeniondolea mkono."

"Wanafuta kwenye mashine. Kichwani hawafuti. Naweza kumwelekeza kwa mdomo."

"Wataruhusu?"

"Sijui. Nitawaomba. Wakikataa nitakaa sakafuni mpaka wanitoe."

Nkwimba akachukua bakuli la uji uliopoa, akapeleka kijiko mdomoni, akangoja. Koo lilicheza. Kijiko cha nne kikateremka, kwa shida, akafumba macho mpaka kilipofika.

"Mimi sijui kama nakusamehe," alisema akiwa bado amefumba macho. "Hilo tuliache. Lakini nataka niahidiwe. Na nataka ile mashine yenu iliyonisikia nikicheka isikie na hii, ili kesho usije ukasema ulikuwa unatania."

Gaudensi aliinuka. Juu ya mlango wa wodi kijicho cha Shahidi kilikuwa kikiwaka kama siku zote, hakuna aliyekiangalia tena. Alikiangalia.

"Shahidi, andika."

"Naandika."

Kisha akaugeuzia mlango mgongo, akamwelekea mwanamke aliyekuwa kitandani. Aliiweka mikono yake mbele, ambapo Nkwimba angeweza kuiona.

"Nkwimba binti Lubinza," alisema, "leo saa nane nitasimama mbele ya Baraza na kusema kwamba sikukuonya. Na siku watakapoufungua uzi wako, mkono wangu usipokuwepo, mdomo wangu utakuwepo. Nitasimama hapa kichwani pako nikimtajia Daktari fundo moja baada ya jingine, yote arobaini na moja, na sitaondoka mpaka la mwisho limelegea."